Kamera zikishaondoka: jinsi ya kufuatilia habari za Kisumu, Kano na Budalang'i baada ya mafuriko

Huu mwongozo ni wa mtu ako mbali na kwao. Labda unafanya kazi Nakuru ama Nairobi ama uko ng'ambo, na mamako ako Kabonyo ama Ombeyi, ama uko na dada Nyalenda, ama wazee wako wako kule Bunyala (Budalang'i), mvua imepiga, mto umevunja kingo, sasa unataka kujua mambo yanaendaje. Wiki ya kwanza hakuna shida ya habari kabisa, TV zote ziko Ahero na kila mtu anarusha video. Shida inaanza wiki ya tatu hivi. Kamera zimeenda, maji yamepungua, mama bado analala kwa darasa la shule ya msingi na hakuna mtu anakwambia wataondoka hapo lini, nani ameandikwa kwa orodha ya kusaidiwa na nani ameachwa, barabara itarudishwa lini, ile daiki, yaani tuta la kuzuia maji ya mto, inajengwa na nani. Na maamuzi makubwa karibu yote yanafanywa hapo, watu wengi wakiwa washaacha kufuatilia. Ndio maana hatua nyingi hapa chini ni za hiyo miezi ya nyuma ya pazia na si za ile siku ya mafuriko.

Hatua ya 1: Punguza eneo, na ujue ni maji gani

Ukitafuta "mafuriko Kisumu" utapata kila kitu na hautajua lolote. Andika mahali kidogo kidogo: kaunti, kaunti ndogo, wadi, lokesheni, sabu-lokesheni, kijiji. Hiyo si kazi bure, kwa sababu msaada wa serikali kuu unapitia kwa chifu na naibu wake, yaani unaenda na lokesheni, na wa kaunti unapitia kwa wadi, kwa hivyo kijiji kimoja kinaweza kupata unga wa huku na kukosa mabati ya kule, na ukisikia "watu wa Nyando wamesaidiwa" hiyo haimaanishi ni watu wenu.

Halafu uliza ni maji ya wapi. Kano, yaani tambarare ya Kisumu, inaletewa na mto Nyando, Nyakach kuna Sondu Miriu, Nyalenda kuna mto Auji na ziwa lenyewe, Budalang'i ni Nzoia. Maji ya mto yanaweza kupanda usiku mmoja na kushuka siku chache baadaye. Ziwa likipanda linakaa miezi. Mwezi wa 5 mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja kule Uganda, likapita rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, na 2024 likapita hata hiyo ya 2020. Watu wa Dunga, Usoma na Ogenya walikaa na maji kwa nyumba wakati redio ishasema mafuriko yameisha, na redio haikuwa inadanganya, ilikuwa inaongea kuhusu mto. Kwa hivyo ukisoma "maji yamepungua" swali lako la kwanza ni: yapi?

Hatua ya 2: Sikiliza watu wa juu ya mto

Hii watu wengi hawafanyi na ni rahisi sana. Maji yanayoingia Ahero hayakunyesha Ahero, yamenyesha Nandi Hills, Tinderet, Londiani na pande za Kericho. Yale ya Bunyala yametoka Cherang'any na Mlima Elgon, yakapita Webuye na Mumias. Sasa kama unafuatilia Kano, tafuta mtu mmoja Koru ama Muhoroni, na kama unaelewa Kikalenjin sikiliza Kass FM ama Chamgei FM jioni mvua ikianza. Mtu wa Mumias akikwambia Nzoia imejaa hadi mdomo, mtu wa Budalang'i ako na muda kidogo wa kuhamisha mbuzi na vitabu vya watoto.

Kwa upande wa serikali, Idara ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa siku chache na ule wa msimu, kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa, na Kakamega kuna kituo kinachoangalia mafuriko ya Nzoia. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hao wanaoitwa WRA, ndio wanapima mito. Usidhani hii ni ya kabla ya mafuriko tu. Mtu anayejenga upya anahitaji kujua kama apande saa hii ama angoje, kwa sababu mvua ya Machi hadi Mei ikishaharibu, ile ya Oktoba hadi Desemba iko njiani, na kujenga jiko la udongo mwezi wa 9 mahali maji yatarudi mwezi wa 11 ni kumpotezea mama nguvu zake.

Hatua ya 3: Tafuta sauti za karibu

Redio kwanza. Ramogi na Mayienga kwa Dholuo, Mulembe na West FM kwa pande za Waluhya, Radio Amani ukiwa Nakuru. Habari za saa ni sawa, lakini dhahabu iko kwa vipindi vya watu kupiga simu. Hapo utasikia mama anataja kijiji, anataja shule, anataja daraja lenye limeenda, vitu ambavyo ripota wa Nairobi hatawahi kujua vina jina.

Pili, uwe na mtu mmoja pale pale kijijini, tumwite mtu wako wa chini. Usichague yule anayeongea sana kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo. Chagua mtu ambaye kazi yake inamzungusha nyumba kwa nyumba: mhudumu wa afya wa jamii, mwalimu, kiongozi wa jumuiya, jamaa wa boda. Mtumie bando, usimfanye atumie yake, yeye pia amepoteza vitu. Na usimuulize "mko aje huko", kwa sababu Mwafrika ukimuuliza ako aje atakwambia tuko salama, Mungu ni mwema, hata kama amekaa juu ya meza. Uliza vitu vya kuhesabika na kuonekana:

Maji yamefika wapi kwa ukuta saa hii? Choo kimesimama ama kimejaa? Mnachota maji wapi, na kuna mtu ametia dawa? Kempu imebaki na watu wangapi? Shule imefunguliwa ama bado watu wanalala madarasani? Zahanati iko na dawa ya kuhara? Nani amekuja wiki hii, ameleta nini, na ameandika majina ama hakuandika?

Hilo swali la maji ya kunywa usiliache hata kama unaona umeuliza mara nyingi. Vyoo vikijaa na visima vikizama, kipindupindu hakichukui muda, na mara nyingi dalili ya kwanza ni mtu wako wa chini kukwambia watoto wa nyumba mbili tatu wanahara. Ukisikia hivyo usingoje habari ya saa moja, ambia chifu na zahanati, na Msalaba Mwekundu wako na namba ya bure, 1199.

Hatua ya 4: Andika, na uweke tarehe

Daftari ya kawaida inatosha. Safu nne: tarehe, nani amesema, amesema nini, itafanyika lini. Wakubwa wanapokuja na gumboots wanaahidi mengi, na wengine wanaahidi kwa moyo safi kabisa, lakini bila tarehe ahadi inakufa polepole na hakuna mtu ataona. Bwawa la Koru-Soin limetajwa mafuriko baada ya mafuriko kama dawa ya Kano, na ukiwa na daftari ya miaka michache unaweza kuonyesha nani alisema nini na mwaka gani, badala ya kulalamika tu kwamba "hawa watu huahidi". Posti ya muhimu ichukue skrinshoti hapo hapo, zinafutwa. Tangazo lililobandikwa kwa mlango wa chifu, mwambie mtu wako alipige picha yote pamoja na muhuri na tarehe, si kipande tu.

Hatua ya 5: Kabla ya kuforwadi, simama

Kila mafuriko yakija kuna picha za mamba barabarani, video ya daraja la nchi nyingine, na vois noti ya mtu hajitaji jina anasema "daiki imekatika, tokeni sasa hivi". Mambo ya kuangalia: mabango ya duka yako kwa lugha gani, namba za gari ni za wapi, miti ni ya kwetu, watu wanaongea nini kwa nyuma. Tafuta picha kwa Google Lens uone kama ilikuwa intaneti mwaka jana. Africa Check na PesaCheck hufanya hii kazi pia, angalia kama washaiongelea. Vois noti yenye haina jina la mtu, jina la kijiji na saa, usiitume mbele. Mtu wa Bunyala akikimbia usiku na watoto kwa sababu ya vois noti ya uongo, anaweza kuumia njiani, na siku ile ya kweli ikifika hatakimbia.

Lakini kuna makosa ya aina nyingine ambayo si ya mtu mbaya, ni ya haraka. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliangukia watu wa Mai Mahiu alfajiri, hapa kaunti yetu ya Nakuru, na asubuhi hiyo habari karibu zote zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa, ni maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya maji chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka na miti, halafu yakapasua. Mtu aliyesoma siku ya kwanza tu mpaka leo anasema bwawa. Kwa hivyo habari ya siku ya kwanza iandike kwa penseli, urudi kuiangalia baada ya wiki na baada ya mwezi.

Hatua ya 6: Fuata chanzo mpaka kijulikane

Hapa ndio nataka ukae kidogo, juu ukiacha hii hatua hizo zingine zitakusaidia nusu tu. Mvua inaitwa mapenzi ya Mungu, na hakuna mtu anashtaki mvua. Njia ya maji iliyozibwa ina mwenyewe. Daiki isiyofanyiwa ukarabati ina mwenyewe. Ukijua chanzo unajua ni ofisi gani inafaa kurekebisha, na unajua kama hilo shimo limezibwa kweli kabla mama arudi kulala hapo.

Mfano mkubwa duniani wa jambo hili ni New Orleans, kule Marekani. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005 na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu wengi wakajua tu ni kimbunga kimezidi nguvu. Lakini watu wa pale walikuwa wanajua mitaa yao, wakaona kuta za mifereji, kama ule wa 17th Street na wa London Avenue, zilianguka kabla maji hayajafika hata juu yake. Wakauliza na wakaendelea kuuliza. Mwezi wa 6 mwaka wa 2006 wahandisi wa jeshi la Marekani, wale wale waliojenga hizo kuta, wakatoa ripoti na wakakubali kulikuwa na kasoro kwa ujenzi wao. Baadaye zikatengwa zaidi ya dola bilioni 14 kujenga kinga mpya, na kimbunga Ida kilipokuja tarehe 29 Agosti 2021, siku ile ile miaka 16 baadaye, umeme ulipotea mji mzima lakini zile kuta zilishikilia.

Gazeti la pale, The Times-Picayune, lilifukuzwa na maji ofisini kwake na kwa siku kadhaa likawa linatoka kwa intaneti peke yake. Na ndilo hilo hilo, mwezi mmoja baadaye, liliandika kwamba hadithi nyingi za mauaji ndani ya uwanja wa Superdome, zilizokuwa zimezunguka dunia nzima, zilitiwa chumvi sana. Mtu wa karibu alirudi kusahihisha, wa mbali alikuwa ashaenda kwa habari nyingine.

Kuna jambo lingine la mji huo ambalo linatuhusu moja kwa moja. Januari 2006 hilo gazeti lilichapisha ramani ya mpango wa tume ya kujenga mji upya, na juu ya mitaa fulani kulikuwa na duara za kijani, kumaanisha hapo panaweza kugeuzwa bustani. Mmoja wa hiyo mitaa ni Broadmoor. Watu wake wengi walikuwa wametawanyika miji mingine, lakini walikuwa wanafuatilia, wakaona duara limekaa juu ya nyumba zao, wakaitana, wakaandika mpango wao wenyewe, na mtaa ukarudi. Fikiria wangekuwa wameacha kusoma mwezi wa 10. Na usidhani ilikuwa kazi ya mwaka mmoja: sensa ya 2000 mji ulikuwa na watu 484,674, ile ya 2010 ikapata 343,829.

Huku kwetu hiyo duara ya kijani inaweza kuja kama tangazo la ardhi kwa Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka Ijumaa, ama kama mkutano wa "eneo la hatari" kando ya mto ama ziwa, ama mtu amekuja na rangi anaweka alama kwa kuta. Uliza mapema: mstari unapita wapi, nani ameupima, watu wataenda wapi, na wenye hati ya shamba watafanyiwa nini tofauti na wapangaji. Wapangaji wa Nyalenda na Manyatta ndio husahaulika kabisa kwa hizi hesabu kwa sababu orodha nyingi zinaulizia mwenye nyumba.

Hatua ya 7: Orodha ya majina

Uliza nani anaandika, anaandikia ofisi gani, na orodha itasomwa wapi. Omba isomwe kwa baraza, kwa sauti, watu wakiwa wamekaa. Angalia kama jina la mama limeandikwa vile liko kwa kitambulisho na kama namba ya simu ni yake, si ya mjukuu aliyehama. Kama kitambulisho kilienda na maji, hiyo ndio safari ya kwanza kabla ya unga, kwa sababu bila hiyo namba hata pesa ya simu haimfikii. Wajane, wazee wanaoishi peke yao na wale walioenda kukaa kwa jamaa badala ya kempu ndio huachwa. Mtu akikaa kwa shemeji yake Awasi haonekani kwa hesabu ya kempu hata kidogo.

Hatua ya 8: Pesa

Kaunti inaruhusiwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 kuwa na mfuko wa dharura, usiozidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Kwa hivyo ukiambiwa "hakuna pesa", swali ni: mfuko wa dharura uko na ngapi, zimetumika ngapi, kwa nini?

Halafu weka hizi tarehe kwa simu yako. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni kwa kaunti kufika 1 Septemba, hapo ndio daraja lenu linaingia ama linakosa. 28 Februari ni karatasi ya mkakati wa fedha. 30 Aprili makadirio ya bajeti. 30 Juni yawe yamepitishwa. Katikati kuna mikutano ya maoni ya umma na hutangazwa kwa gazeti, redio na kurasa za kaunti, mara nyingine muda ukiwa mfupi sana, kwa hivyo mtu wako wa chini awe macho. Tenda ziko kwa tovuti ya serikali ya tenda na kwa gazeti la MyGov linalotoka Jumanne. Ukiona tenda ya daiki, andika jina la mkandarasi, urefu wa kazi na muda wa kumaliza, halafu mtu aende na simu kila mwezi apige picha akisimama mahali pale pale. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu zinakuja baadaye na ni ndefu, lakini tafuta jina la kaunti yako na neno la dharura tu, haupotezi jioni nzima.

Hatua ya 9: Andika barua

Wakinyamaza, uko na haki. Katiba kifungu cha 35 na sheria ya kupata habari ya 2016 zinakuruhusu kuomba habari kwa ofisi yoyote ya umma, na sheria inasema wazi unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kutuma maombi ni bure, unaweza tu kulipishwa gharama ya kutoa nakala. Wanafaa kujibu ndani ya siku 21, wanaweza kuongeza 14 mara moja, na kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Barua yenyewe isiwe na hasira wala historia ndefu:

"Mimi ni raia wa Kenya, namba ya kitambulisho ni hii. Kwa mujibu wa sheria ya kupata habari ya 2016 naomba: kwanza, orodha ya vijiji vya lokesheni yetu vilivyopewa msaada tangu mafuriko, na kiasi. Pili, kiasi kilichotoka kwa mfuko wa dharura wa kaunti tangu mwezi huo na kilitumika kwa nini. Tatu, nakala ya mkataba wa ukarabati wa daiki, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Naomba mnijibu kwa anwani hii."

Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri na tarehe. Ukituma kwa barua pepe weka ule ujumbe usifute. Mzee asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa ndiye anafaa kumwandikia, waambie kama wanamrudisha. Siku zikiisha bila jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale tunawaita Ombudsman, wako na ofisi Kisumu pia, na ubebe ile nakala yenye muhuri.